Mwaka Nilipomkata Kichwa Mwali

Ijumaa, tarehe kumi na mbili Desemba. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika saa tatu, halafu ikarudi mchana kwa kishindo mpaka tukawa hatusikilizani ndani ya nyumba. Maji ya bati yanaingia kisimani vizuri, na mke wangu amepanga ndoo na masufuria yote chini ya michirizi, maana hapa Newala mtu haachi tone lipotee. Ninaandika kwa jicho moja. La kushoto limefumba, mdomo umepasuka pande mbili, na jino moja la juu linacheza nikiligusa kwa ulimi, nami siachi kuligusa. Sina hakika kama habari hii naijua vizuri ya kutosha kuiandika. Nilimaliza darasa la saba kule Lulindi na sikuendelea, kwa hiyo nikikosea mpangilio, anayesoma avumilie. Habari za ukoo wangu siziweki humu, hazihusiki. Nitaandika mwaka mmoja tu, na nitajaribu nisijipendelee, ingawa nimejipendelea kwa muda mrefu na mazoea yana tabu.

Jumanne Somoe alikuja dukani. Zamani alikuwa mkata vitambaa wangu, sasa ana duka lake la vitenge Masasi, na tulikuwa hatujaonana uso kwa uso tangu mwaka ule. Alipiga hodi, akakaa kwenye benchi la wateja, mkono wa kulia kaufunika kwa pindo la kanga. Akaangalia mashine zangu nne na vijana wanaoshona, akasema, "Naona umepanuka, Baba Neema. Nakuona kwenye simu kila siku. Mnapendeza." Nikamwambia karibu, Mama Asha, habari za Masasi. Akasema njema, ila hajaja kwa ajili ya habari za Masasi. Alikuwa ametoka kwenye arobaini ya marehemu Mama Zuhura, mama wa yule mwali wa mwaka ule. "Walinipa chai kwenye kikombe cha peke yake," alisema. "Wenzangu wote wanapokezana vikombe, mimi nina changu, na nilipomaliza hakuna aliyekiosha." Halafu akasema lililomleta. Binti yake Asha anaingia unyagoni mwezi huu, shule zikiwa zimefungwa. Amewafuata manyakanga wanne, wale kina mama wanaosimamia unyago, wa Masasi wawili na wa huku wawili, na wote wamekataa. "Wanasema hawamwezi mtoto wa mwanamke aliyemkata kichwa mwali. Baba Neema, unajua nimekuja kufanya nini."

Nilisema sijui.

"Basi nitakaa hapa mpaka ujue," akasema, akavua viatu, akaviweka chini ya benchi kama mtu aliyefika kwake. Mimi nikaendelea kushona foronya ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Mwaka huo ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya soko, nikakigawa kwa pazia: mbele duka, nyuma kitanda na jiko la mkaa. Mashine ilikuwa moja, ya miguu, na Somoe alikuwa akikata juu ya meza ya mbao iliyokuwa fupi kwa kanga nzima, hivyo kila mara tulikunja. Kwenye mkasi alinishinda. Mimi nikichora kwa chaki mara tatu, yeye alikuwa anatazama mwili wa mtu na kukata, na nguo inakaa. Wateja walidhani ufundi ni wangu kwa kuwa mimi ndiye mwanamume na jina langu ndilo limeandikwa mlangoni, nami sikuwasahihisha. Mchana tulikula pamoja, mara nyingi ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi na chai ya rangi, na kina mama waliokuwa wanasubiri nguo walikula pia, kila mmoja akimenya wake, huku wanasengenya. Nikikanyaga mashine waliongea kwa nguvu. Nikisimama kuvuta uzi, walishusha sauti. Nilijua habari za nusu ya Newala kwa vipande namna hiyo. Siku moja mmoja wao akaniambia, "Fundi Festo, unashona vizuri lakini hujulikani. Fundi wa Masasi anaonekana kwenye simu. Wewe unaonekana wapi, mlangoni kwako?" Wakacheka wote, na Somoe naye akacheka.

Lile neno liliniuma. Nilipokwenda Masasi kununua vitambaa nilimweleza Mama Shani, Myao mmoja aliyeuza vitenge chini ya kile kilima cha mawe karibu na stendi. Alikuwa na simu mbili na alizitumia zote kwa wakati mmoja. Sisi Wamakua kwake ni watani, kwa hiyo kabla ya kunifundisha alinitukana kwanza. "Nyie watu wa Lulindi mmeletewa shule na kanisa, mpaka leo mnatangaza biashara kwa kengele." Halafu akanionyesha. Akanifungulia ukurasa wa fesibuku, akaniambia kila siku niweke kitu, asubuhi watu wakiwa wanasubiri chai na jioni wakiwa wamerudi. Akanikataza kupiga picha nguo ikiwa imetundikwa kwenye msumari. "Nguo isiyo na mtu ndani yake ni kama nguo ya marehemu. Weka mtu. Na mtu akiuliza, mjibu hapohapo, usimwache ananing'inia." Hakuna baya hata moja alilonifundisha. Ninaliandika hili kwa kuwa baadaye nilimlaumu moyoni.

Nilinunua simu ya kupangusa, nikaanza. Nilimweka Somoe ndani ya magauni, nikapiga, nikaandika bei na mahali duka lilipo. Alilaiki binamu yangu, na siku nyingine hata yeye hakulaiki. Ikaendelea hivyo miezi mitatu. Kisha maji yakakatika wiki mbili, kama kawaida ya huku juu, na watu wakawa wanapanga madumu kwenye kioski cha maji mbele ya duka langu tangu asubuhi. Wanaume wawili wakagombania nafasi. Mmoja alimpiga mwenzake na dumu lililojaa, la lita ishirini, kwenye shavu. Yule akaanguka, akainuka na kipande cha tofali, akampiga wa kwanza mdomoni, na damu ikaingia kwenye maji yaliyomwagika, kila mtu akarudi nyuma asilowane. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilirekodi yote. Sikuita mtu, sikwenda kuamua. Niliiweka kwenye ukurasa wangu na chini yake nikaandika, Haya ndiyo ya Newala, karibuni kwa Fundi Festo, mkabala na kioski. Kufika jioni watu wasiohesabika walikuwa wameitazama, kutoka Dar, kutoka Mtwara, kutoka nisikokujua, wanacheka, wanaulizana nani kashinda. Kesho yake wateja sita wapya waliingia dukani, na watatu walianza kwa kusema, "Ni hapa walipopigana?"

Wiki iliyofuata aliingia yule wa mdomo. Meno mawili ya mbele hayapo. Akauliza kwa adabu kama mimi ndiye Festo, nikasema ndiye. Alinipiga kofi nikaangukia meza, akanifuata chini, akanipiga teke la mbavu. Hakutukana. Alisema tu, "Uliniona napigwa, ukashika simu. Mama yangu ameniona nikitema meno, yuko Tunduru, kaniona." Somoe alimsukuma nje na ule mkasi mkubwa mkononi. Usiku ule mbavu ziliniuma lakini, Mungu anisamehe, niliangalia ukurasa wangu na nilikuwa na furaha. Nilijifunza kwamba watu wanakuja pale panapouma. Nadhani hapo ndipo nilipoharibika, ingawa inawezekana niliharibika kabla na pale ikaonekana tu.

Mwezi wa kumi na mbili ulipofika, korosho zimeuzwa na shule zimefungwa, zikaja nguo za wali, mabinti wa unyago. Kwetu sote huku, Wamakonde kwa Wamakua kwa Wayao, mwali aliye ndani haonekani na mtu wa nje mpaka siku ya kutoka, na siku hiyo anatoka na nguo mpya. Fundi mwanamume hampimi. Wanakuja kina mama na uzi wenye mafundo: fundo la bega, la kiuno, la urefu. Unashona kwa mafundo. Binti wa Mama Zuhura, huyo Zuhura mwenyewe, alinunuliwa kitambaa na mjomba wake kule Masasi, cha manjano chenye ndege wa bluu, ambacho hapa hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Yule mjomba alikuwa mtu mkali, kwa kuwa kwa desturi ya huku mjomba ndiye mwenye mtoto. Gauni lilikataa mabega mara mbili. Mara ya pili mjomba alilitupa juu ya mashine akasema, "Fundi, likikataa mara ya tatu nitakushonea wewe sanda." Nikapata hofu. Nikamwambia Somoe, kwa kuwa wewe ni mwanamke na unaruhusiwa kuingia, lipeleke, mvalishe, nipigie picha ya mabega unitumie nione pengo liko wapi. Alisita. "Ndani hakupigwi picha, Fundi." Nikamwambia nitaiona mimi tu, na nitaifuta. Hata kupiga kwenyewe kulikuwa kosa, na alilifanya kwa kuwa nilimwagiza na alikuwa anakula kwangu.

Picha ikaja kwa wasapu. Pengo niliona mara moja, bega la kushoto, kidole kimoja. Lakini niliona na jambo jingine: gauni lilikuwa zuri kuliko chochote nilichowahi kushona. Binti amesimama kando ya ukuta wa udongo, mikono pembeni, ndege wa bluu wamekaa sawasawa kifuani. Nguo na mtu ndani yake. Nilikaa na ile simu pengine saa nzima. Nikajiambia, wazee wenye mwiko wao hawana simu, watakaoona ni watu wa mbali, na mtu wa mbali akiona, je, hapo mwali ameonekana? Nikajiambia tena, nitamsitiri, nitamtoa uso. Nikavuta picha kwa vidole mpaka ikaanzia shingoni. Nikaiweka. Nikaandika, Nguo za wali zinashonwa hapa. Nilidhani nimefanya jambo la heshima.

Watu wa huku wanaosoma haya wameshashika vichwa, na wana haki. Mwali akiwa ndani ni kama mgonjwa aliye kati ya kupona na kufa. Maneno mabaya hayasemwi karibu yake, hata kisu hakipitishwi juu yake. Mimi nikamwonyesha dunia nzima akiwa amesimama bila kichwa. Kwa wale kina mama hiyo haikuwa picha iliyokatwa. Ilikuwa kifo alichoombewa mtoto wao na mtu aliyeingizwa chumbani.

Kulipokucha ukurasa ulikuwa unawaka. Mtu mmoja wa Dar aliuliza, Fundi, wewe mwanaume umeingiaje kwa mwali? Nami, kwa kukumbuka la Mama Shani kwamba mtu asiachwe ananing'inia, na kwa kutaka kujisafisha, nikamjibu hapohapo: Sikuingia mimi, kapiga msaidizi wangu wa kike. Nimeyahesabu maneno yale mara nyingi. Asubuhi hiyohiyo, kabla hajaja dukani, Somoe alikwenda kwa Mama Zuhura kumalizia bega, na pindo, na vifungo.

Saa nne dereva wa bodaboda alisimamisha pikipiki mlangoni bila kuzima. "Fundi, msaidizi wako wanamuua kule kwa Mama Zuhura." Nilikimbia. Si mbali, ni kama kutoka kanisani mpaka sokoni, lakini nilifika sina pumzi. Ua lilikuwa la mianzi, na kati ya mianzi kulikuwa na nafasi za kupenyeza jicho. Wanawake walikuwa wanane au tisa, nami niliwafahamu wengi, niliwashonea. Somoe alikuwa chini. Walikuwa wanampiga kwa miiko, kwa mpini wa jembe, mmoja kwa ndala, na huyo wa ndala ndiye aliyekuwa anapiga kwa bidii kuliko wote. Hereni moja ilikuwa imetoka na nyama yake. Walipopumzika walimwuliza, "Nani kakutuma? Kichwa umekipeleka wapi?" Alikuwa akisema kitu lakini sikukisikia, mdomo wake ulikuwa mchangani. Kisha Mama Zuhura akalaza kinu, akamshika Somoe mkono wa kulia akauweka juu yake, akasema, "Huu ndio uliopiga." Mwanamke mwingine akainua mchi. Niliona mchi ukishuka mara mbili. Sauti yake si kama ya kutwanga mahindi, ingawa nilikuwa nimetarajia iwe hivyo, na hilo nalo linanishangaza, kwamba nilikuwa na nafasi ya kutarajia.

Nadhani niligonga ua au niliguna, kwa maana Mama Zuhura alitoka langoni. Mchi sasa ulikuwa mikononi mwake, ncha ina damu. Ua lote likanyamaza. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fundi, umefuata nini?"

Nikasema, "Nimefuata nguo."

Akarudi ndani, akaja na lile gauni, akanitupia kifuani. Nililikunja. Nikashukuru. Nikaondoka nalo, na nilipofika dukani nilirekebisha bega.

Mjomba mtu ndiye aliyemwokoa. Alifika amechelewa, akawapiga mateke wale wanawake kama anafukuza kuku, akambeba Somoe mwenyewe, damu imemjaa shati, akampeleka hospitali kwa pikipiki. Ninaliandika hili kwa sababu yule mzee anakumbukwa kwa ukali tu. Vidole viwili vilikatwa, kile kidogo na cha pete, na cha kati hakikunji. Mkasi hakuushika tena. Alirudi kwao, halafu Masasi, akaanza kuuza vitenge vya watu kwa kuonyesha picha kwenye simu, akibonyeza kwa kidole gumba cha kushoto. Zuhura naye walimrudisha ndani mwezi mzima zaidi, wakafanya tena yote upya, na alipotoka picha ilikuwa imekwishasambaa. Shuleni wakamwita Kiwiliwili. Mimi nilifuta picha siku ya tatu, na kwa kuwa sikusema neno, watu wakaamini Somoe ndiye aliyeikata na kuiweka kwenye ukurasa wangu. Watu waliokuja kwenye ukurasa kuitafuta hawakuondoka. Wakakuta magauni mengine, wakaagiza. Mashine ya pili niliinunua kabla ya Pasaka. Watu husema Festo ana akili ya kutangaza biashara, nami nimealikwa mara mbili kuwafundisha vijana, nimewafundisha mambo ya mwanga na kujibu wateja mapema.

Jumanne, foronya ilipokwisha, nilimwambia Somoe maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka. Nilimshukuru kwa kunificha. Nilisema najua alivumilia kipigo kile bila kunitaja, na kwamba hakuna ndugu angeweza.

Alinitazama kama anayetazama kitambaa chenye kasoro. "Nani kakwambia sikukutaja?"

Nikaichukua foronya, nikaikunja.

"Nilikutaja tangu mwiko wa kwanza. Nilikutaja mpaka sauti ikakauka. Nimesema ni Fundi, ni Fundi, muulizeni. Kwani yule mama alitoka nje kufanya nini, kupunga upepo? Alikuja kukuuliza. Tukanyamaza sote, hata mimi niliacha kulia, tukusikilize." Akafungua kanga, akaweka ule mkono juu ya goti, wazi. "Na ukasema umefuata nguo. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani?"

Niliwaambia vijana waende wakale, ingawa haikuwa saa ya kula. Nilimwuliza anataka nini, fedha ya nyakanga, mbuzi, nguo za mtoto. Alikasirika kwa mara ya kwanza. "Nina duka, Baba Neema, mbuzi ninao. Uliniandika kwa maneno matano pale pale watu wote wanapokusoma. Niandike tena palepale." Nikamwambia nina mke ambaye hajui, nina watoto, nina vijana wanne wanaokula kwa mashine hizi, na wateja wangu nusu ni kina mama wa unyago. Nikamwambia wataniua. Akasema, "Inawezekana. Mimi hawakuniua." Akavaa viatu akaenda kuwahi gari la Masasi.

Niliandika Jumatano asubuhi, watu wakiwa wanasubiri chai, kwa kuwa hata katika hilo sikuweza kuacha mazoea. Nilianza mara tano. Mara nne za kwanza niliandika vizuri mno, ungedhani ninatangaza kitu. Mwisho niliandika: Picha ya mwali bila kichwa niliikata mimi Festo na kuiweka hapa mimi. Somoe aliipiga kwa amri yangu ya kazi na hakujua nitaitoa. Alipopigwa nilikuwa nje ya ua nikaona, na nilipoulizwa nikakana. Hana kosa la mwali. Kosa ni langu. Nikabonyeza, nikafungua duka. Nilimwambia mke wangu kabla hajasomewa na wengine, angalau hilo. Aliuliza swali moja, "Ulilirekebisha lile bega?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani.

Kufika mchana oda tatu zilikuwa zimefutwa, na dirisha la upande wa barabara lilipigwa jiwe na mtu ambaye sikumwona. Vijana wawili waliomba ruhusa wasirudi. Mmoja akasema, "Shikamoo, Fundi, mimi mama yangu ni nyakanga," nami nikamwambia marahaba, nenda. Nilidhani yameishia hapo. Jana saa tisa Zuhura akaja. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, ananunua na kuuza dagaa. Mimi nilikuwa nikimwona sokoni na kupita upande mwingine. Aliingia peke yake, akaokota rula yangu ya mbao, ile ndefu, akanipiga nayo usoni. Sikuinua mkono. Nataka niseme sikuinua kwa sababu ya haki, lakini labda ni kwa mshangao tu. Alinipiga jichoni, mdomoni, masikioni, rula ikavunjika, akaendelea na kipande. Nilipoanguka alinikanyaga shingo kwa mguu wenye kandambili ya mvua yenye matope, akakandamiza, nikaona ukingo wa dunia unaingia kiza. "Miaka yote hii," alikuwa anasema, taratibu, kila neno na uzito wake, "nimeamka na kushika kichwa changu kwanza. Kila siku. Nashika kichwa changu ndipo naamka." Kisha akatoa mguu, akaketi kwenye benchi la wateja, akahema. Mlangoni watu walikuwa wamejaa, wanawake watatu wameinua simu. Hakuna aliyeingia kuamua, nami sikuona kama nina mdomo wa kuwalaumu. Zuhura aliwatazama wale wenye simu, akainuka, akafunga mlango wangu kwa ndani ili wasirekodi zaidi. Tukabaki sisi wawili na harufu ya dagaa. Akaniuliza kama ninaona. Nikasema la kulia linaona. Akasema, "Binti wa Somoe nitamsindikiza mimi. Nyakanga atakayekataa, akatae mbele yangu." Nikasema asante, akaniambia nisimshukuru, hakunifanyia mimi.

Leo alasiri Somoe amepiga simu. Zuhura amefika Masasi kwa gari la kwanza katikati ya mvua, wamekwenda wote kwa bibi mmoja upande wa Lulindi, na bibi amekubali, kwa masharti mengi. Asha anaingia Jumapili. Hakuniuliza hali yangu. Nilitaka kumwuliza kama nimshonee mtoto gauni la kutokea, nikalimeza lile swali, na hilo nahisi ndilo jambo la busara nililofanya wiki hii, ingawa simwamini mtu anayejisifu kwa busara. Picha ya mimi nikikanyagwa shingo inazunguka kwenye simu. Wanauliza duka liko wapi. Nimeufunga ukurasa, sijui kama ni kwa toba au kwa aibu, na sijui kama nitaweza kulisha watu bila huo.

Jioni mvua imepungua. Mke wangu hajasema nami tangu Jumatano ila ya lazima, lakini amepika. Wamekula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, watoto wamegombania ukoko. Mimi siwezi kutafuna. Ameniwekea uji wa mtama mwembamba, hauna sukari, nimeunywa kwa upande wa kulia wa mdomo.